Stendi ya Tangi la Samaki

Yule fundi wa Kihonda simpendi mpaka leo. Nilimpa kazi ya stendi ya chuma ya kuwekea tangi la samaki, tangi refu kuliko kitanda, la lita mia tano. Siku mbili nzima nilikaa karakanani kwake nikimsimamia. Nilikataa bomba jembamba, nikamrudisha achomelee upya kila kona niliyoitilia shaka. Alifanya yote bila kunijibu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukaiweka sebuleni, tukapandisha tangi juu yake, tukaanza kujaza maji. Yalipofika shubiri moja, upande wa mlangoni yalikuwa yamezidi kwa vidole viwili.

"Miguu haiko sawa!" nikafoka. "Umezoea kuchomelea mageti ya watu wasiojua kupima."

Akatoa pima maji, akaiweka sakafuni, akaniita nitazame. "Mzee, stendi iko sawa. Sakafu ndiyo imelalia mlangoni."

"Usinifundishe nyumba yangu!"

Mke wangu alikuwa kizingitini na ndoo ya deki. "Si wewe uliyemwambia fundi wa sakafu ailaze hivyo, maji ya deki yatoke yenyewe?"

Nikamwambia fundi aondoke. Akafungua mkoba wake, akatoa vipande viwili vya chuma vya kuinulia miguu, akaviweka kando ya stendi, akaenda zake. Kumbe aliiona sakafu tangu siku aliyokuja kupima nafasi, akavikata mapema.

Vipo chini ya miguu ile mpaka leo. Vilitosha kabisa, na ahsante sijampa.