Wanasheria Wakuu Wawili

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kila Jumapili alikuwa Mwanasheria Mkuu. Cheo hicho alipewa na chama chake cha beni, ile ngoma ya matarumbeta na gwaride, pale Kinondoni. Chama kilikuwa na Mfalme, Gavana na majenerali, na wote walikuwa wapishi, maseremala na wachukuzi. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuwashtaki waliochelewa mazoezi au waliokuja na sare chafu. Aliyepatikana na hatia aliwachemshia wenzake chai.

Cheo alikitaka kwa sababu ya kazi yangu. Mimi nilikuwa yaya nyumbani kwa Mwanasheria Mkuu wa kweli, Mwingereza, kule Uzunguni karibu na Msasani. Nikirudi jioni, hata kanga sijaitua, ananiuliza, "Mwenzangu leo kashindaje?"

"Kashinda anaandika."

"Mwambie apumzike, kesi nyingine nitamsaidia."

"Sare yako mwenyewe haijapigwa pasi, utamsaidia nani?"

"Shtaka hilo nalifuta," anasema, na kuendelea kushona.

Nilimlelea bwana yule watoto tangu alipokuwa mwanasheria mdogo. Alikuwa mpole, na Kiswahili alijifunza vizuri. Jumapili moja alikuja kutazama beni. Mume wangu alitokea na joho alilolishona kwa bitana nyeusi, akamsomea Jenerali mashtaka ya kupoteza kifungo. Bwana alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akampa mkono. Baadaye alipopandishwa kuwa Mwanasheria Mkuu, chama nacho kikampa mume wangu cheo hicho, naye akatembea mtaa mzima akitangaza kwamba wamepandishwa wote wawili.

Halafu yakaja mambo ya Kenya, watu walipoingia msituni kupigana na Waingereza, na serikali ya huku ikaingiwa na hofu. Kila kusanyiko likaonekana njama, na kila chama kikatakiwa kutaja viongozi wake. Bwana alirudi nyumbani na makaratasi mengi. Watoto walimwita mezani, akawa hasikii.

Alfajiri moja askari walikuja kumchukua mume wangu, pamoja na Mfalme na Gavana wa chama. Alipoinama kuvaa viatu aliniambia kwa sauti ndogo, "Lile daftari lichome."

Sikulichoma. Ndani yake mliandikwa amri za chama: Jenerali awapange watu wake, Temeke wavamiwe Jumapili, atakayekaidi Gavana amwadhibu. Temeke walikuwa wapinzani wetu wa ngoma, na kuvamiwa kwao kulikuwa kupigiwa tarumbeta mpaka wakubali kushindwa. Nilijua kwamba bwana ameiona beni kwa macho yake. Niliamini akilisoma atacheka, na mume wangu atarudi. Nililifunga katika kanga, nikaenda kuliweka kando ya chai ya bwana.

Alisoma amesimama, wala hakucheka.

"Umelitoa wapi?"

"Kwangu, bwana. Ni ile ngoma uliyoiona."

"Naikumbuka," alisema. Akalitia mkobani.

Mpaka leo sijui daftari lile lilifanya nini. Pengine wangeadhibiwa vilevile bila hilo. Kesi haikusomwa. Mume wangu aliamriwa arudi kwao Mahenge na asikanyage tena Dar es Salaam. Sikumfuata. Niliogopa kuacha kazi, na nilijiambia kwamba nikikaa karibu na bwana, iko siku nitapata nafasi ya kumwombea amri ile ifutwe.

Nilisubiri mvua mbili za masika. Mume wangu aliniandikia kwamba kule hakuna wa kumshonea suti, anashona viraka tu. Aliuliza kama kitanda bado kinalia upande wake. Kilikuwa hakilii, kwa sababu nilikuwa nalala chini.

Kisha bwana akapata cheo kikubwa zaidi katika koloni nyingine. Siku ya kuondoka, masanduku yakiwa barazani, alikuja kuniaga. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Akanipa mkono, akaniuliza mwenyewe, "Na mume wako, yule wa ngoma, hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo, bwana."

Ndivyo tulivyolelewa. Hata penye msiba mtu anajibu kwanza kwamba wote ni wazima, anasubiri aulizwe tena, ndipo anaeleza yaliyomkuta. Nilisubiri swali la pili. Bwana akasema, "Vizuri. Msalimie," akageukia masanduku yake. Sijui kama alikuwa amesahau. Gari lilipoondoka nilikuwa bado nimesimama pale barazani, na maneno yangu yote kifuani.

Mume wangu alikufa Mahenge kabla ya masika ya tatu. Barua ya kaka yake ilinifikia wakati wameshamaliza matanga. Wakwe zangu hawakuwahi kunilaumu, na mimi sikuwahi kuwaambia habari ya barazani. Ninayemwambia ni yeye, nikiwa peke yangu. Namwambia kwamba nilikuwa nimemshika bwana mkono kabisa, na nikauachia.