Kindi wa Tumbo Jekundu

Mimi nina domo, sikatai. Ndiyo maana watafiti waliponikuta dukani kwangu Old Korogwe nikibishana na mteja juu ya kitenge, waliniomba niwasaidie. Kazi ilikuwa kuzunguka Handeni nikiulizia kindi mmoja adimu, mwenye tumbo jekundu. Nilipewa picha, fomu na ramani ya kutia alama kila anapoonekana.

Siku tatu kijijini Sindeni, sikutia hata alama moja. Kila niliyemwonyesha picha alitikisa kichwa. Nilichoka, na mimi nikichoka nanuna.

Nilipofika kijiji cha Kwedizinga nikamkuta bibi mmoja anapepeta mbaazi. Nikampa shikamoo, nikajieleza: tunatafuta anakoishi kindi huyu, ili tumhifadhi.

"Simjui," akasema, picha yenyewe hajaitazama.

"Bibi, angalia basi."

Akaangalia. "Simjui. Halafu hapa mmemwonea, mkia wake si mwembamba hivi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Mjukuu wangu, umesema hifadhi. Hifadhi ni watu kuja na bikoni, zile nguzo za mipaka. Wakishazisimika, unaambiwa shamba ni la wanyama. Mume wangu nimemzika hapo nyuma. Nimwache na nani?"

Niliona aibu kweli. Kumbe siku zote tatu nilikuwa nawatisha watu kwa neno langu mwenyewe, kisha nanuna wakininyamazia.

"Watakachoamua wakubwa siwezi kukuapia, bibi," nikamwambia. "Ila fomu nitakusomea yote."

Nikamsomea: aina ya miti, umbali wa maji, matunda anayokula.

"Na watu wako wapi humo?"

Nikaigeuza huku na huku. Watu hawakuwemo.

Akaweka ungo chini, akaniongoza hadi ukingoni mwa shamba, kwenye kichaka ambacho wanawe walitaka kukifyeka akawakatalia. Kindi alikuwa juu ya tawi, anatafuna, tumbo jekundu kabisa. Kwa furaha nikapiga makofi, akatoweka.

"Domo lako liko mpaka mikononi," bibi akasema, na sasa alicheka.

Nikatoa kalamu. Akanishika mkono.

"Mwandike kwamba yupo. Lakini niandike na mimi, kwamba nipo. Nimemtangulia hapa."

Nikageuza fomu upande usio na kitu, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Hakuniachia mkono mpaka nilipomsomea mara mbili.