Sabuni katika kibuyu cha maziwa

Katika kitabu cha kemia nilikuwa nimejifunza peke yangu kwamba kila chembe ya sabuni hushika mafuta kwa ncha moja na maji kwa nyingine. Basi, siku wazee walipokuja kwetu Masisi kumposa dada yangu mdogo, nilikiosha kwa sabuni kibuyu cha maziwa, ambacho Mama hukifukiza moshi tu. Sikufikiri kwamba kibuyu chenyewe kingeishika sabuni.

Mzee mmoja aliyaonja maziwa, akakunja uso.

"Mama, ng'ombe zenu munazifua?"

Wenzake wakacheka, wakaweka vikombe chini. Dada hakucheka.

"Utusamehe, Papa," Mama akasema. "Mutoto wangu njo anasoma sana."

Mtoto huyo ni mimi, na nilikuwa na mvi tayari. Nikainamisha kichwa, nikanywa kikombe changu chote.