Zamu ya Kugeuza Dagaa

Bibi yangu alikuwa akituonya kwamba anayesimulia hadithi mchana huota mkia. Sisi tulizisimulia saa sita, jua la utosi, kwenye mchanga wa Makoko, ukingoni mwa ziwa, tukianika dagaa wa mama yangu. Mkia haukuota. Kilichoota kilikuwa kingine, na ningepewa kuchagua ningechukua mkia.

Rafiki yangu aliletwa kwa mjomba wake kutoka Butiama, asome sekondari mjini. Alikuwa mtoto wa wafugaji, dagaa hawajui. Siku ya kwanza aliwageuza mmoja mmoja, kwa ncha za vidole, kama anayegeuza maandazi. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa chanda na pete.

Hadithi tuliianza ili mchana upite. Ilikuwa ya zamani za Wajerumani. Yeye alimleta kijana wa vilima vya kwao, mleta mvua, ambaye mvua ilimfuata nyuma kama ndama. Akiingia ndani, inamsubiri mlangoni. Mjerumani wa bomani alimwamuru anyeshe mvua Alhamisi tu. Mimi nilimleta msichana wa ziwani, ambaye mtumbwi wake ulielea hata kwenye umande, kwa hiyo alfajiri alipiga kasia juu ya nyasi, akipita katikati ya ng'ombe wa watu. Hawajawahi kuonana, lakini kila mmoja amesikia habari za mwenzake na usingizi hapati.

Kanuni ilikuwa moja. Unasimulia mpaka dagaa wageuzwe. Wakishageuzwa, zamu inahamia kwa mwenzako, na sehemu yake huigusi hata akiiharibu.

Tuliwanyima kukutana kwa makusudi, hadithi isije ikaisha. Wakikaribiana, mimi naweka mafuriko. Wakikaribiana tena, yeye analeta sotoka, tauni ya ng'ombe, kijana anarudi mbio kwa ng'ombe wa baba yake. Nilikuwa nampenda. Nasema wazi leo, wakati ule nisingesema hata kwa kuchapwa. Kwetu msichana hamwanzi mwanamume, na mimi nilikuwa na kiburi cha kutosha nyumba nzima. Nilitaka mleta mvua wake aseme, nami nijue ni nani hasa anayesema.

Siku yake ya mwisho Makoko, mitihani imekwisha, zamu ilikuwa yake. Alimleta kijana mpaka ukingoni mwa ziwa, mvua nyuma yake, mtumbwi unakuja. "Akafungua mdomo," akasema, akanitazama. Hapo mvua ya kweli ikatoka ziwani. Dagaa wakinyeshewa wameoza, kila mtu wa Makoko anajua, tukaanza kuwazoa kwa mikono na mabeseni huku mama akipiga kelele. Tulipomaliza, mjomba wake alikuwa amesimama na begi la safari. Rafiki yangu akanitazama kama anayesubiri kitu. Na mimi nikamtazama hivyo hivyo. Nikaona amenuna, nikanuna. Akaondoka.

Alipata kazi Bunda, akaoa huko dada mmoja mpole, ambaye nimejaribu kumchukia nikashindwa. Mimi nilibaki, ni fundi cherehani hapa mjini, Nyasho. Wachumba walikuja, nikawapima kama ninavyopima wateja, kila mmoja akanipwaya.

Mwaka huu alinipigia simu nimshonee binti yake gauni la Komunyo ya Kwanza. Nililipeleka mwenyewe Bunda. Baada ya Misa tulikuwa tunakula ugali na sato, binti akaja na gauni lake, akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye shangazi wa hadithi?"

Mama yake akacheka. "Baba yao anawasimuliaga habari za mleta mvua. Akifikaga pale kijana anafungua mdomo, ananyamaza. Anasemaga pale pana mwenyewe."

"Shangazi, malizia," binti akasema.

"Si zamu yangu," nikamjibu. "Ni ya baba yako."

Baba yake aliweka tonge chini. "Yangu? Dagaa si tuliwazoa? Zamu ilikuwa yako."

"Kuzoa siyo kugeuza."

"Walishatoka mchangani! Kwangu hiyo ni kugeuza. Nilikuwaga nasubiri unijibu."

"Watu wazima mnagombania dagaa," mkewe akasema, na meza nzima ikacheka. Nilicheka na mimi. Miaka yote hiyo nilidhani alinyamaza kwa kuwa hakuwa na la kusema.

Jioni alinisindikiza hadi getini, kama mgeni anavyosindikizwa.

"Ingekuwa zamu yako," akaniuliza, "ungeanzia wapi?"

Ningeweza kuleta mafuriko. Nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Pale mtumbwi unapogusa mchanga," nikasema. "Anashuka."

Akaitikia kwa kichwa, akitazama viatu vyake. "Na yangu ingeendelea hapo hapo. Anamshika mkono ashuke."

Uani gauni jeupe lilikuwa linakimbiza kuku, na pindo nililolishona kwa mkono lilishaingia matope. Nikamwambia arudi ndani, wageni wanamsubiri.