Waridi la Bi Ghaliya

Bi Ghaliya binti Zahran alikuwa mshoni wa nguo za maharusi, mjane, mkaazi wa ghorofa ya juu kabisa pale Kiponda, na mwizi wa mimea. Hilo la mwisho angekukatalia hata mbele ya kadhi. "Bustani ya umma ile," angekwambia. "Na mimi si umma? Au umma ni wale wanaokuja kupiga picha na kofia zao?"

Bustani yenyewe iko mbele kidogo ya Mtoni, njia ya Bububu, na kila Jumamosi huwa na darasa la bure: leo mbolea, wiki ijayo wadudu, mara nyengine mimea ya dawa. Bi Ghaliya hakukosa. Alikaa mbele, akaitikia "naam" kwa alichoulizwa na kwa asichoulizwa, hata mwalimu, Bwana Mahfoudh, kijana aliyerudi na shahada yake kutoka Uturuki, akawa anamtaja kuwa ni mfano wa kuigwa. Mfano huo ulikuwa umejishonea mfuko ndani ya buibui, na mfukoni umetia kitambaa kibichi na mkasi wa kukatia nyuzi. Wenziwe wakigeuka kuonyeshwa mdalasini, yeye alikuwa keshageukia kwengine.

"Utakuja kuaibika, wifi yangu," alimwambia Ulfat, mke wa kaka yake, aliyekuwa akifuatana naye kwa ajili ya chai na sambusa. "Mtu mzima na buibui lako, unakatakata vitu vya serikali!"

"Serikali gani? Babu yangu alikuwa na mashamba mpaka Donge. Nusu ya miti ile mbegu zake zimetoka kwetu. Mimi nnarejesha tu, tena kidogo kidogo, kwa adabu."

Alichokirejesha kilikuwa juu ya paa lake, kwenye ndoo za rangi, baina ya tangi la maji na kamba za nguo, kimenawiri kama kimezaliwa hapo.

Fahari ya bustani ilikuwa waridi moja la kizamani, la rangi iliyopauka, lenye harufu ambayo mawaridi ya leo yameshaisahau. Kichaka kilikuwa kimoja tu. Picha yake ilipigwa chapa kwenye mabango, kwenye fulana na kwenye vikombe vya wageni. Kijitawi chake Bi Ghaliya alikichukua siku ya somo la wadudu, wakati darasa zima limemwinamia kiwavi.

Kisha likaja somo la kupogoa. Bwana Mahfoudh alikuwa na imani kubwa na kujifunza kwa vitendo, na wafadhili walikuwa wameleta mikasi mipya, kila mwanafunzi na wake. Akakata tawi moja kuonyesha, kisha akasema, "Haya, kila mtu apate nafasi."

Wa kwanza alikata vizuri. Wa pili akamrekebisha wa kwanza. Mwenye duka mmoja wa Amani akaona upande wa kushoto umezidi, akausawazisha. Aliyemfuata akaona sasa umezidi wa kulia. Hakuna aliyekubali kurudi nyumbani na mkasi ambao haujakata kitu. Ilipoadhiniwa adhuhuri, palikuwa pamebaki kisiki, na Bwana Mahfoudh anawapigia makofi.

"Litachipua," alisema.

Halikuchipua. Akalitia mbolea ya kutosha shamba zima, likawa jeusi. Na katika hali hiyo wafadhili wakaleta habari kuwa wanakuja Unguja, na kitu cha kwanza wanachotaka kukiona ni lile waridi la kwenye vikombe.

Jumamosi iliyofuata Bi Ghaliya aliingia darasani na kikuba kifuani: asumini, rihani, na katikati waridi. Bwana Mahfoudh alikuwa anaeleza habari za mboji. Harufu ikamfika, akaiacha mboji njiani.

"Bi Ghaliya, ua hilo umelipata wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na mche wake?"

"Riziki, mwanangu. Mtu hajui inakotokea."

Ulfat alipaliwa na sambusa.

Alasiri ile ile kijana akapanda ngazi za Kiponda. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, karibu kahawa." Kahawa hakuimaliza, aliomba kuonyeshwa juu. Bi Ghaliya alitangulia, akijiambia kuwa leo ndiyo leo. Huko juu Bwana Mahfoudh alisimama kama mtu aliyewakuta marehemu wake wote wamekaa barazani wanapiga soga. Palikuwa na zile begonia alizoziandikia ripoti kuwa zimeliwa na mbuzi. Palikuwa na okidi aliyoitangaza kuwa imeuliwa na mabadiliko ya tabianchi. Na pembeni ya tangi, waridi, limechanua hata halina haya.

"Okidi hii," alisema polepole, "inafanana sana na yetu."

"Binadamu wanafanana, seuze majani."

Kijana akachungulia ngazini kama kuna anayewasikia, akaurudishia mlango. Bi Ghaliya akaona kuwa mwenziwe anaogopa kuliko yeye. Hapo ndipo alipojua kuwa hakuna atakayepelekwa popote, na woga wake ukageuka kiburi papo hapo.

"Nnalihitaji waridi hilo, Bi Ghaliya. Nakuomba."

"Litachukuliwa. Lakini kibao kiandikwe jina langu."

"Lakini waridi ni la bustani!"

"La bustani si lile pale Mtoni, jeusi? Waonyesheni lile."

Waridi likateremshwa na ndoo yake, likapelekwa bustanini, na kibao kikaandikwa. Wafadhili walikuja, wakanusa, wakapiga picha mbele ya maneno WARIDI LA BI GHALIYA, na Bwana Mahfoudh akaeleza, bila ya kupepesa jicho, mpango wa bustani wa kuhifadhi mimea adimu majumbani mwa wananchi. Wakaupenda sana mpango huo. Bi Ghaliya alipewa kipaza sauti, akawausia wanafunzi kuitunza mali ya umma, na hakuna aliyemshangilia kwa nguvu kumshinda mwenye duka wa Amani.

Siku hizi bustani imemwekea meza ya ushauri. Ushauri wake ni matusi matupu, na foleni ni ndefu. Juzi alifika bibi mmoja kutoka Bububu, akalalamika kuwa amepanda waridi mara mbili na mara zote limekufa.

"Ulilipata wapi?" aliuliza Bi Ghaliya.

"Nimelinunua, bibi. Dukani."

"Ndo maana," alisema, akamwita anayefuata.