Reli Zilizolika

Mashine ya Mzee Ponsian ilikaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake, pale Igoma. Ilikuwa mashine ndefu ya kukereza vyuma, na umri wake ulizidi wa watu wengi wa mtaa wetu. Aliipata siku kiwanda cha pamba alichofanyia kazi kilipofungwa. Wenzake walichukua pampu na meza, vitu vya kubebeka. Yeye akaja na chuma kilichoshushwa kutoka kwenye lori kwa winchi, na mkewe, Kemilembe, alisimama mlangoni akifikiri mume amechanganyikiwa.

Lakini chuma kile ndicho kilichowasomeshea watoto. Ponsian alikereza bushi za mashine za kusaga, zile pete nene za kushikia ekseli, puli, na hasa shafti za boti, zile fimbo ndefu zinazozungusha propela.

Kwenye mashine hiyo chuma huzunguka, na kisu hukifuata ubavuni kikiwa kimepandishwa kwenye kigari kinachoteleza juu ya reli. Reli zikiwa zimenyooka, chuma kinatoka sawa toka mwanzo hadi mwisho. Za Ponsian hazikuwa zimenyooka. Enzi za kiwanda kazi nyingi zilifanyikia upande mmoja, karibu na taya zinazoshika chuma, na hapo reli zilikuwa zimelika. Kigari kikifika pale kinazama, kisu kinajitenga kidogo, chuma kinabaki kinene.

Kwa jicho usingeona kitu. Ponsian alikuwa na saa ya kupimia, ndogo, yenye mshale mmoja. Aliifunga kwenye kigari, ncha yake ikagusa fimbo aliyojua imenyooka, kisha akasukuma kigari taratibu huku akitazama mshale unavyohama. Kila ulipohama, alitia alama ya rangi nyeupe kando ya reli. Wakati wa kazi, kisu kikifika kwenye alama, aliuzungusha mkono wa mashine kiasi cha pumzi tu, kisu kikasogea mbele kufidia shimo. Kwa miaka mingi mkono wake ndio uliojaza pale reli zilipopungua.

Kisha mkono wenyewe ukaanza kutetemeka.

Alijua kabla ya wateja kujua. Kikombe cha chai kiligonga kisahani, naye akahamia kunywea kwenye bakuli. Kemilembe aliona. Halafu akaja Shimba, Msukuma mwenye boti ya mizigo inayokwenda visiwani, mteja wa siku nyingi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Shimba. Boti inasemaje?"

"Boti inatikisika, Mzee. Shafti uliyonipa juzi inakula beringi. Nimebadilisha, imekula tena."

Ponsian akaipokea ile shafti, akaipima kwa maikromita sehemu tatu, akairudisha chini polepole. "Ni mimi," alisema. "Niachie. Nitatengeneza reli zenyewe, zisihitaji tena mkono wa mtu."

Mjini walimwambia hakuna mwenye mashine ya kusaga reli ndefu namna ile. Akaamua kuzikwangua kwa mkono. Alifungua mashine yote, kigari kikawekwa juu ya magunia, zikabaki reli tupu. Alikuwa na rula ya chuma, nene na ndefu kama benchi la kanisani, iliyotoka kiwandani pamoja na mashine. Aliipaka rangi ya buluu, akailaza juu ya reli, akaisugua mbele na nyuma, akainyanyua. Penye buluu ndipo palipoinuka, hapo akakwangua kwa tindo pana, unga wa chuma ukatoka. Akapaka tena, akalaza tena. Kazi hiyo mkono unaotetemeka unaiweza, kwa sababu anayesukuma tindo ni bega na kiuno.

Alianza mvua za vuli zikianguka, na masika yakamkuta bado ameinama. Bega lilivimba. Kemilembe alimkanda kwa maji ya moto, na jioni moja alimwambia, "Baba Jovina, pumzika. Hata kama mashine haitapona, tutakula."

"Itapona, Mama Jovina. Buluu inaenea vizuri. Njoo uone."

Akaja na taa. Ni kweli, madoa ya buluu yalikuwa yamesambaa reli nzima, kama mvua ya rasharasha kwenye vumbi. Hata yeye asiyejua kazi ile aliona ni pazuri. Alicheka, na mumewe naye akacheka.

Akaifunga mashine upya. Akaweka fimbo ya chuma, akakereza kwa mara ya kwanza bila kugusa mkono wa mashine, mikono nyuma. Akapima. Kwenye taya palikuwa sawa. Mwisho palikuwa sawa. Katikati palikuwa pembamba, vibaya kuliko kosa lolote la zamani. Akapima tena, akadhani ni macho. Akafunga ile saa ya mshale, akasukuma kigari, na mshale ukapanda na kushuka mbele yake.

Kitu pekee ambacho hakuwahi kukipima kilikuwa rula. Aliibeba kwa bega lililokuwa zima hadi kwa Masele, fundi wa vioo barabarani, akamwomba ailaze juu ya kioo kinene cha meza ya duka. Masele akainama, jicho usawa wa kioo.

"Mzee, mwanga unapita hapa katikati."

"Unapita?"

"Unapita. Ngoja." Akachana karatasi ya pakiti ya sigara, akaisukuma chini ya rula. Ilipita upande wa pili bila kukwama. "Hii imepinda, Mzee. Ilikuwa imeegemezwa ukutani?"

Ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu siku ya lori. Miezi yote ile, Ponsian alikuwa amezifundisha reli zake upindo wa rula. Na chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Kama angeanza upya kwa rula nyingine, ingebidi ashushe katikati yote ilingane na ncha, na bega lake lilikuwa halipandi tena juu ya kifua.

"Usiliweke jambo hili moyoni," alisema Masele.

"Nimekusikia. Ahsante."

Nyumbani alimweleza Kemilembe kwa maneno machache. Mama yule hakulia. Alimuuliza kama amekula, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Shimba alikerezewa shafti mjini. Alimwita Ponsian aje Mwaloni, zinapofungwa boti, kuangalia inavyofungwa, nadhani kwa heshima tu. Injini ilipowashwa mzee aliweka kiganja juu ya beringi. Kwa muda kilichotetemeka pale kilikuwa kiganja chake peke yake.

"Wamekereza vizuri," alisema.

"Zako za zamani zilikuwa hivihivi, Mzee."

Ponsian akaitikia kwa kichwa, akaomba kitambaa cha kufutia grisi.

Siku hizi anapokea bushi fupi tu, zile ambazo upindo hauwahi kuonekana, na nyingine hulazimika kuzimalizia kwa tupa. Wiki nyingine hapati hata moja. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita mara kadhaa, wanachungulia bandani, wanaigonga reli kwa kidole. Hajawakubalia, wala hajawafukuza.