Pijo Inayovuja

Ruwayda hakujua kuendesha gari, lakini kila Ijumaa asubuhi aliinama dirishani akaiwasha Pijo ya marehemu mumewe, akaiacha ingurume kidogo, akaizima. Mashine isiyowashwa hufa, ndivyo Mustafa alivyokuwa akisema. Tangu azikwe Mustafa mwenyewe, mjane wake hakutaka kitu kingine kimfie mikononi. Akishaizima alizunguka hadi kiti cha abiria, mahali pake pa miaka yote, akakaa. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesogezwa nyuma, kwa ajili ya ile miguu mirefu.

Ilikuwa 504 ya rangi ya maziwa, iliyobeba abiria kati ya Eldoret na Nakuru enzi ambazo mtu akisema amepanda Pijo anaheshimiwa. Siku hizi haibebi mtu. Binti yao Ikra yuko Nairobi, hupiga simu Jumapili kuuliza kama mama amekula, na jibu huwa ni ndiyo. Nani atasema kweli, kwamba kumpikia mtu mmoja kunachosha kuliko kupikia harusi?

Mwaka huu ploti yao ya Kapsoya iliwekwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uani. Watu wakiwekewa kabro hawakai tena kama watu; ghafla kila mmoja ni afisa wa usafi. Githinji, mwenyekiti wa wapangaji, alikuja na kofia mkononi, akaonyesha doa jeusi chini ya Pijo.

"Mama Ikra, sitaki tukosane," alisema. "Lakini gari ikimwaga oili kwa kabro, itabidi imetoka. Nitaangalia Jumamosi."

Itoke iende wapi, hakusema. Ruwayda alijua: kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ikakatwe vipande.

Akamwita fundi Wabuge. Wabuge aliingia chini ya gari, akachomeka bomba kwenye spana, akaikaza nati ya kumwagia oili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hiyo ndiyo dawa ya mafundi wetu kwa kila ugonjwa. Inavuja? Kaza. Inapiga kelele? Kaza. Kufikia alasiri tone lilikuwa limeanguka tena. Akarudi akapaka sabuni ya kipande, akakaza. Likaanguka. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema nati imeisha na sampu yenyewe, lile bakuli la oili, imeisha, na ya gari la zamani hivyo haipatikani, afadhali mama auze.

Ijumaa, baada ya kuizima mashine, Ruwayda hakwenda kukaa. Alivaa dera kuukuu juu ya suruali ya Mustafa, akatandika gunia, akajisukuma chini ya gari chali na karai pembeni. Kazi hiyo aliijua kwa kuitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa Mustafa spana, na kugombezwa akileta isiyofaa. Nati ndiyo hakuwahi kuiona ikitoka. Kila ikifikiwa, Mustafa alimtuma chai. Akaisukuma kwa nguvu zake zote. Ilikataa, kisha ikakubali ghafla, na oili ya moto ikamlowesha hadi kiwiko. Alitamka neno ambalo mwanamke wa heshima zake hasemi.

Nati haikuwa na washa, ile pete ya shaba ya kuzibia oili. Mahali pake palikuwa na pete nyeusi, ngumu, imepasuka pande mbili. Kumbe Wabuge alikuwa akikaza juu ya kitu kilichokufa zamani. Akaibandua kwa kucha, akaisugua kwa mafuta ya taa aone ni nini. Ilikuwa ngozi, nyekundu kwa ndani, na juu yake palibaki nusu ya ua dogo lililopigwa chapa.

Lile ua alilijua. Ikra alipozaliwa, Mustafa alimnunulia yeye, mama mtu, viatu vyekundu vyenye ua kama hilo kwenye kanda zake, na vilipochakaa visigino alivipeleka kwa Simeon, mshona viatu wa karibu na soko. Mustafa ndiye aliyevichukua, akavitupa chini ya kiti cha gari, akaenda safari yake ya Nakuru. Alivifikisha nyumbani kimoja kikiwa hakina ukanda, akasema ndivyo alivyopewa. Ruwayda akamwendea Simeon, akamwita mwizi mbele ya wateja. Miaka yote iliyofuata alipita upande wa pili wa barabara ili asimsalimie. Mustafa aliyasikia yote hayo akinywa chai. Alikuwa mtu ambaye ukimwuliza jambo zito hajibu mpaka amalize kikombe, na siku ile, sasa alikumbuka, alijimiminia cha pili.

Aliiona safari yote: mvua ya njiani Ainabkoi, oili inamwagika, abiria wanalalamika, na kiatu kiko pale chini ya kiti. Ngozi ikashika, na dereva habadilishi kinachoshika. Kila alipomwaga oili aliirudisha pete yake, mke akiwa jikoni anachemsha chai.

Ruwayda alicheka palepale chini ya gari mpaka machozi yakamwingia masikioni. Akageuza kichwa amsimulie mtu. Hapakuwa na mtu. Simeon alishafunga kibanda akarudi kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Akampigia Ikra, Ikra akasema yuko kazini, kama si haraka wazungumze Jumapili. Mama akasema si haraka.

Alinunua washa mpya mjini, akairudisha nati kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, kidogo tu. Akajaza oili, akatandika katoni chini. Jumamosi Githinji alichuchumaa, akaigeuza katoni huku na huku. Ilikuwa kavu.

"Sasa imekaa poa, Mama. Wacha ikae," alisema, akaenda zake.

Jioni Ruwayda alikwenda kukaa kwenye kiti chake, kiatu kisicho na ukanda, alichokiweka kabatini miaka yote hiyo, kikiwa mapajani na ile pete ya ngozi kiganjani. Moyo ulimuuma kwa upweke, na kwa hasira pia, hasira tamu ambayo hakuwa na wa kummwagia.

"Ungeniomba, Mustafa," alisema. "Ningekupa hata cha pili."

Akangoja muda wa kikombe cha chai. Kisha akangoja muda wa kikombe kingine.